Gurudumu la Nyuma la Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe na mwanangu mkiwa wazima, na kwamba kile kikohozi chake kimepungua. Mama anauliza kama meno ya juu yameshatoka, na anasema usimpake dawa yoyote kwenye fizi, mwache akung'ate kidole. Sisi huku tunapumua. Shuleni tumefundishwa kuanza barua kwa kusema hatujambo kabisa, lakini nimejiambia kwamba hii haitakuwa na uongo hata kwenye salamu, kwa hiyo naishia hapo: tunapumua.

Fundi cherehani alipita juzi na mzigo wake wa vitambaa, akatupa ujumbe wako. Anasema umesikia kwamba shemeji aliangukiwa na pikipiki, kwamba amelazwa hospitalini mguu ukiwa umening'inizwa na hana hata wa kumpikia uji, na kwamba umeanza kufunga mizigo urudi umuuguze. Anasema ulilia wakati unamweleza. Nakuomba, dada, kabla hujafunga begi la pili, isome barua hii mpaka mwisho. Mama aliniambia nikuandikie mistari michache tu, kwamba Baba aliumia mkono kazini na mengine utayasikia ukifika. Namheshimu Mama, lakini ukisubiri kuyasikia ukifika, utakuwa umekwisha kufika.

Shemeji alikuja Jumamosi asubuhi, Baba akiwa anafungua karakana na mimi nafagia. Aliikokota ile pikipiki yake ya mbio, ile nyekundu iliyochakaa ambayo Baba husema ina umri kama wangu na adabu kidogo kuliko mimi. Aligonga ukingo wa barabara, rimu ya nyuma ikapinda vibaya, na tairi halikushika upepo tena. Nyuma yake alikuja muuza vipuri wa jirani, amebeba gurudumu jingine begani huku analisifia njia nzima. Alisema mmiliki wake wa kwanza alikuwa mtu mtaratibu, alikuwa akiendea harusini tu. Baba alilizungusha hewani, akatazama linavyoyumba, akasema basi harusi zenyewe zilikuwa za fujo. Hata shemeji alicheka. Nakuandikia hili ili ujue kwamba siku ilianza kwa kicheko, na kwamba hakuja akiwa amelewa. Watu watakwambia alikuwa amelewa.

Gurudumu hilo lilitoka kwenye pikipiki ya aina ileile lakini iliyotengenezwa miaka ya baadaye, kwa hiyo bushi zake, vile vipande vya chuma vinavyokaa huku na huku ili gurudumu lisimame katikati, hazikuwa sawa na zile za zamani. Ukizikosea, linakaa upande na kukaza likiwa kwenye mwendo. Shemeji mwenyewe ni fundi, kazi alijifunza hapahapa kwa Baba kabla hajakuoa. Lakini utakumbuka siku aliyojifungia gurudumu la nyuma peke yake, akabadilisha bushi ya kushoto na ya kulia, likakaza akiwa mteremkoni, na wewe ukashinda unamtoa changarawe mgongoni kwa sindano. Tangu siku hiyo hapandi pikipiki ambayo gurudumu lake la nyuma halikufungwa na Baba mbele ya macho yake. Kwa mambo yote mengine ni jasiri, kwa hilo ni mtoto.

Baba aliiinua pikipiki kwenye stendi, ile ya chuma tuliyoichomelea wenyewe, inayobeba sehemu ya nyuma ili gurudumu lizunguke bila kugusa chini, na ukiuinua mpini wake pikipiki inashuka. Akaanza kulegeza nati ya ekseli, ile fimbo ya chuma inayopita katikati ya gurudumu. Kwa mazungumzo tu, akamuuliza anaharakia wapi asubuhi yote hii.

Shemeji akasema anakuja kwako.

Aliutaja mtaa wako, dada. Alisema geti ni la kijani na limebonyea chini, na kwamba unalala kwenye godoro jipya karibu na dirisha. Aliyemwambia ni yule aliyekuuzia godoro. Wanafahamiana, na alimsimulia akicheka jinsi ulivyombana kwenye bei. Baba aliiweka spana chini. Akamwambia, kwa ile sauti yake ya kutuliza wateja, kwamba kama anataka kumwona mkewe apande basi, aende kama mtu anayekwenda kwa watu. Shemeji akajibu kwamba kwenye basi watu hutazamana nyuso. Kisha akaeleza polepole kwamba mtoto atarudi naye, amfunge mbele yake kwenye tangi, na wewe atakuacha hukohuko, ila miguu yote miwili ikiwa imevunjika, ili usije ukatoroka tena nyumba ya mtu. Hakupandisha sauti hata kidogo. Muuza vipuri alikuwa bado amesimama mlangoni, na aliyasikia haya yote.

Baba alisema hatalifunga gurudumu hilo. Shemeji akamcheka, akamwambia mzee, wewe umewatengenezea wezi na walevi pikipiki miaka yote hii bila kumuuliza mtu anakwenda wapi, leo unaniuliza mimi mwanao. Baba akamjibu kwamba ndiyo, leo anauliza.

Sikuona alivyoanza. Nilisikia spana ikigonga kitu laini, na nilipogeuka Baba alikuwa amepiga magoti, sikio linavuja damu. Shemeji alimkamata mkono wa kulia, akaubana pale chini ambapo cheni inaingia kwenye meno ya sproketi, na kwa mkono wake mwingine akalizungusha lile gurudumu bovu. Alilizungusha taratibu. Vitabuni nimesoma kwamba mtu akiumizwa sana hupiga yowe. Baba hakupiga yowe. Alitoa sauti ndogo ya kushangaa, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na asiyemjua. Cheni ilikwama kwenye mfupa, shemeji akasukuma zaidi, ikapita. Kisha akalizungusha kinyume ili mkono utoke, na vidole viwili vikatoka vikiwa havina tena umbo la vidole. Akamuuliza Baba kama bado anauliza.

Hapo ndipo nilipomsikia muuza vipuri akishusha shata la duka lake, Jumamosi asubuhi, wakati wa biashara.

Mama alitoka jikoni na sufuria, akamrushia shemeji. Ilimpata begani. Alimpiga Mama ngumi moja ya mdomo, na Mama aliangukia kwenye rafu ya tairi na tairi zikamwangukia. Siku utakapomwona anaziba mdomo kila anapoongea, usimuulize, ni meno. Shemeji alifunga mlango kwa komeo, akachukua nyundo ya mpini mfupi, akamkalisha Mama sakafuni na kuchuchumaa karibu naye. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa bado nimeshika ufagio, akasema Profesa atafunga gurudumu, mzee atamwelekeza.

Unajua jina hilo ni yeye aliyenipa. Unajua pia kwamba vitabu vyangu vya kwanza visivyo vya shule ni yeye aliyeniletea, amevificha ndani ya helmeti ili Baba asimtanie. Nimejaribu kulitoa jambo hilo kichwani tangu Jumamosi na halitoki. Mtu aliyenifundisha kwamba kuna vitabu ambavyo hakuna anayekutahini kwavyo ndiye aliyeninyooshea spana yenye damu ya Baba na kuniambia nianze.

Nilianza. Baba alikaa juu ya tairi kuukuu, mkono ameuzungushia shati lake, uso umekuwa wa kijivu, akanielekeza. Nilimaliza kulegeza nati, nikalegeza na vile vikaza cheni pande zote mbili, nikalisukuma gurudumu mbele, nikaitoa cheni kwenye sproketi. Cheni ilikuwa imelowa na sitaki kueleza imelowa nini. Nilichomoa ekseli na gurudumu bovu likaniangukia kwenye mguu. Kila nilipokawia, shemeji aligusa goti la Mama kwa nyundo, polepole, kama anayebisha hodi. Nilipokuwa napima bushi niliidondosha moja, ikabingirika chini ya benchi, na wakati naitafuta gizani nilisikia goti la Mama likipigwa kwa nguvu kidogo kuliko kubisha hodi. Mama akasema, mwanangu, iko karibu na mguu wa benchi, usiharakishe. Ndivyo alivyosema, na damu inamchuruzika kidevuni.

Nilingojea Baba anielekeze vibaya. Nilikuwa na hakika atafanya hivyo. Kosa moja tu lingetosha, bushi ya kulia iende kushoto, na shemeji hajui bushi, hiyo ndiyo sehemu yake ya ujinga. Lakini Baba alinielekeza kila kitu sawasawa. Aliniambia bushi ndefu iende upande wa diski ya breki. Aliniambia nipake grisi kwenye ekseli. Nilipomaliza kuingiza gurudumu nikajifanya nimesahau kukanyaga pedali ya breki mpaka ikaze, maana bila hivyo breki ya nyuma haishiki mara ya kwanza, Baba akanikumbusha. Nilimchukia, dada. Nilimchukia Baba kuliko nilivyomchukia yule mwenye nyundo. Baadaye, kwenye gari la wagonjwa, aliniambia kwamba pikipiki haiangukii unayemtaka wewe, huenda ingeangukia mtoto wa mtu anayekwenda dukani, na yeye asingeweza kuongeza hilo juu ya mengine. Siku hiyo karakanani hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba gurudumu lilikuwa linakaa vizuri, na kila lilivyokaa vizuri ndivyo lilivyozidi kukukaribia.

Ikabaki cheni. Unajua utaratibu wa Baba ambao mafundi wengine wanamcheka kwa ajili yake: hakazi cheni ya mtu mpaka mwenye pikipiki apande, akae kama anavyokaa barabarani, miguu yote juu ya vikanyagio na mikono kwenye usukani, ili cheni ipimwe kwa uzito wake mwenyewe. Hakuna aliyewahi kutoka kwenye karakana yetu bila kukalishwa hivyo. Baba akasema, panda. Nilimuuliza baadaye kama alikuwa na nia yoyote, akasema hapana, yalimtoka tu, kama mtu anavyosema karibu. Na shemeji naye, baada ya yote aliyotutenda, akaiweka nyundo juu ya benchi, akapanda na kupandisha miguu yote miwili. Hata hakufikiri. Aliipenda ile pikipiki, na alifundishwa hapohapo.

Alikaa ametugeuzia mgongo. Nilikuwa nyuma yake, nimechuchumaa kati ya gurudumu na mpini wa stendi. Akaniuliza, bila kugeuka, siku hizi nasoma kitabu gani. Aliniuliza kwa upole kabisa.

Kinachojulikana mtaani ni kwamba stendi iliteleza. Pikipiki ilishuka, miguu yake haikuwa chini kuishikilia, ikaanguka upande wa kushoto naye ndani yake, na mguu ukabaki kati ya chuma na sakafu. Mfupa wa chini ya goti ulivunjika ukatokeza nje. Vidole vya mkono wake wa kulia navyo vilivunjika, na inasemwa vilibanwa na usukani. Askari alikuja, akaitazama stendi, akakuta imechomelewa kienyeji, akamgombeza Baba kwa kutumia vifaa visivyo salama, akaandika ajali. Mkono wa Baba nao akauandika ajali. Meno ya Mama hakuyauliza. Muuza vipuri alimwambia kwamba siku hiyo alikuwa amefunga duka.

Jumatano shemeji alimtuma muuza vipuri huyohuyo aniambie niende kumwona. Nilikwenda baada ya masomo, nikiwa na sare, bila kumuaga mtu. Wodi ni ndefu na vitanda vyake vimekaribiana. Mguu wake umening'inizwa kwa kamba zenye uzito, mkono uko kwenye plasta. Alinikaribisha vizuri, akamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba huyu shemeji yangu ana akili kuliko wilaya nzima. Kisha akashusha sauti. Akasema yeye ndiye aliyemthibitishia askari kwamba stendi iliteleza, na ataendelea kusema hivyo mpaka nimalize mtihani wangu wa mwisho, na hata baada ya hapo, kwa sababu ananipenda kama mdogo wake. Ila naye ana haja ndogo. Anataka nikuandikie barua. Nikwambie kwamba amebadilika, kwamba analala akikutaja, kwamba daktari amesema asipopata mtu wa kumhudumia mguu utaharibika. Akasema, Profesa, wewe unajua kuandika, utamliza. Na nisipoiandika, kumbukumbu yake ya Jumamosi inaweza kurudi vizuri sana, na shule haina kiti cha msichana mwenye kesi. Alikuwa ameshaiweka tayari karatasi chini ya mto.

Dada, niliiandika. Nilirudi nyumbani nikaiandika barua aliyoitaka, kwa sababu niliogopa. Na ilikuwa nzuri. Nilieleza jinsi mkono wake unavyotetemeka akishika kikombe. Niliandika kwamba anauliza kama mtoto anamkumbuka. Nilipoisoma nililia mwenyewe, na hapo ndipo nilipopata hofu ya kweli, maana nilijua ungeisoma na ungekuja. Niliichana, nikaitia jikoni, nikangoja mpaka iungue yote. Kisha nikaanza hii.

Sasa sikiliza. Stendi haikuteleza. Niliushika mpini wake kwa mikono miwili nikauinua. Nilijua miguu yake haiko chini, niliitazama kwanza. Alipoanguka, mguu ulilia kama ubao mkavu, akapiga kelele, kisha akaanza kuniomba. Aliniita kwa lile jina alilonipa, akasema niinulie, niinulie, nakufa. Alinyoosha mkono wake wa kulia kunishika sketi. Ilikuwa imekwisha, dada. Hakuwa na uwezo wa kwenda popote, Mama alikuwa ameshafungua komeo na anaita watu. Nami nikachukua ile spana kubwa ya ekseli nikaupiga ule mkono. Niliupiga ukiwa sakafuni, na alipouvuta nikaukanyaga nikaupiga tena. Sikumbuki mara ngapi. Nakumbuka kwamba sikuwa nalia, na kwamba nilikuwa nahesabu vidole vya Baba. Baba ndiye aliyenikumbatia kwa nyuma kwa mkono wake mmoja mpaka spana ikanidondoka, akaninong'oneza nisikilize, stendi iliteleza, stendi iliteleza.

Kuinua stendi sijutii. Nimejipima kila namna, na ningeiinua tena. Mkono ule najutia, kwa sababu wakati ule hakuna niliyekuwa namwokoa. Nilikuwa nataka tu aendelee kulia.

Jumatatu nakwenda kituoni kusema yote, na Mama anakuja nami kusema yake, pamoja na meno yake. Baba alitaka aseme ni yeye aliyeiinua stendi na kupiga. Mama akamuuliza alipiga kwa mkono upi. Labda shule wataniondoa, labda hawataniondoa. Nikitangulia kusema mimi, yeye atabaki bila kitu cha kuniuzia, na wewe hutapata barua nyingine yenye mwandiko wangu isiyo ya kweli. Ukiipata yoyote inayokuita nyumbani, hata kama ina maneno yangu ninayoyapenda, ujue sikuiandika kwa hiari.

Usije, dada. Na hapo ulipo uhame, kesho kama inawezekana. Fundi cherehani anasema dada yake ana chumba, na anaweza kukuchukua na mizigo yako bila mtu kujua. Godoro liache. Najua ulilinunua kwa shida, liache.

Mama anakusalimu na anambusu mjukuu wake kwa mdomo uliofungwa. Baba anakusalimu, ameanza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto na anajimwagia kama mtoto wako, tunamcheka naye anacheka. Daktari anasema mguu wa shemeji unaunga vizuri na mwisho wa mwaka ataweza kuendesha. Jana muuza vipuri alikuja kutuuliza, kwa niaba yake, kama pikipiki iko tayari. Gurudumu limefungwa sawasawa, bado kukazwa cheni tu.

Wako akupendaye na anayekuomba umwandikie ukishahama,

Mdogo wako.